Dizeli haifiki kwenye injini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu 4x4 za zamani

Hapa tunaongelea dizeli za kizamani, zile ambazo injekta pampu (ile inayosukuma dizeli kwenda kwenye nozo, na nozo zinaipulizia ndani ya silinda) ni chuma tupu na waya mmoja au miwili tu: Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, Hilux za 2L, 3L na 5L, Patrol ya TD42, Pajero ya 4D56, Land Rover Defender na Discovery za 200Tdi na 300Tdi. Karibu zote zinatumia pampu ya mzunguko ya aina ya VE, ubunifu wa Bosch, na zile za Kijapani zimetengenezwa na Denso au Zexel kwa leseni hiyohiyo, kwa hiyo ukiielewa moja umezielewa zote. Zenye injini ya 1KZ-TE zina umeme zaidi kwenye pampu lakini upande wa kutoka tanki mpaka pampu ni uleule.

Jambo moja tu nataka ushike kabla ya kuanza: pampu ndio mshukiwa wa mwisho, sio wa kwanza. Anza kwenye tanki uje mbele. Watu wengi wanatoa pampu nzima inaenda kufumuliwa kumbe shida ilikuwa hozi ya mpira yenye ufa au oringi.

Nitajuaje kama shida ni mafuta na sio kitu kingine?

Angalia moshi. Piga stata huku mtu mwingine anaangalia egzosi. Ikiwa stata inazungusha vizuri, betri iko sawa, na egzosi haitoi hata moshi kidogo, basi dizeli haifiki kwenye silinda. Ikiwa inatoa moshi mweupe mzito wenye harufu kali ya dizeli mbichi, mafuta yanafika ila hayawaki, hapo achana na hozi nenda kaangalie hita plagi (zile za kupasha silinda moto kabla ya kuwasha), kompresheni na taimingi (wakati pampu inapopuliza dizeli).

Ukiwa barabarani ni hivyohivyo. Gari imekosa nguvu na haitoi moshi, hiyo ina njaa ya mafuta. Gari imekosa nguvu na inamwaga moshi mweusi, hiyo mafuta inayo tena ya kutosha, inachokosa ni hewa (ea filta imeziba, hozi ya turbo imetoboka) au nozo zimechoka zinakojoa badala ya kupuliza. Gari yenye njaa ya dizeli haiwezi kutoa moshi mweusi, likumbuke hilo litakuokolea muda mwingi.

Kuna ubishi mmoja tu hapo. Kwenye zenye turbo, pampu nyingi zina diafram juu inayosoma presha ya turbo kupitia kihozi kidogo chembamba, presha ikipanda ndio pampu inaongeza dizeli. Kile kihozi kikichomoka au kupasuka pampu inadhani turbo haifanyi kazi, inabana mafuta, gari inakuwa nzito bila moshi, na utahangaika na tanki wiki nzima. Kiangalie kwanza, ni dakika moja. Halafu mwambie mtu akanyage mafuta mpaka chini injini ikiwa imezimwa, wewe uangalie kama mkono wa kwenye pampu unafika mwisho. Kebo iliyolegea au kapeti iliyojikunja chini ya pedeli imeshawapeleka watu kununua pampu.

Asubuhi inasumbua kuwaka, ikishawaka inaenda siku nzima vizuri. Nini hiyo?

Kama hita plagi ni nzima, hiyo ni hewa, karibu kila mara. Hili ndilo tatizo namba moja la hizi gari kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Gari nyingi kati ya hizi hazina pampu ya kusukuma mafuta kutoka tanki. Pampu yenyewe ya injini ndio inayovuta, ina kapampu kadogo ka ndani kenye mapanga, kwa hiyo kila kitu kati ya tanki na pampu kiko kwenye mvuto, presha yake iko chini ya hewa ya nje. Sasa ukiwa na katundu popote kwenye hiyo njia dizeli haidondoki nje, hewa ndio inaingia ndani. Ndio maana unaambiwa "mbona hakuna mahali panapovuja" na kweli hakuna, pakavu kabisa. Ni sawa na mrija wenye tundu, unavuta unapata upepo lakini hakuna kinachomwagika.

Gari ikisimama usiku hewa inaingia polepole pale kwenye tundu, dizeli inarudi yenyewe tankini kwa sababu tanki liko chini kuliko pampu, asubuhi unapiga stata pampu inavuta upepo tu mpaka dizeli ije tena. Inawaka sekunde kidogo na dizeli iliyobaki ndani ya pampu, inazima, halafu ndio kazi inaanza.

Majaribio mawili ya bure. La kwanza, asubuhi kabla ya kugusa swichi, bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu, halafu washa. Ikishika mara moja kama gari mpya, umeshapata jibu, ni hewa au dizeli inarudi nyuma. La pili, usiku mmoja iegeshe kwenye mteremko pua ikiangalia chini, usiku mwingine pua iangalie juu. Pua ikiwa chini tanki linakuwa juu kuliko injini kwa hiyo dizeli haina pa kurudi, gari inawaka fresh. Pua ikiwa juu inasumbua zaidi. Tofauti hiyo ikionekana wazi usipoteze muda na kitu kingine.

Hiyo hewa inaingilia wapi hasa?

Kwa mpangilio wa mimi nilivyozoea kutafuta: pampu ya mkono pale juu ya filta ndio ya kwanza, ile diafram au oringi yake ya ndani inakauka, na ukiona hata unyevu kidogo chini ya kile kitufe basi ibadilishe bila mjadala. Halafu oringi ya filta yenyewe, hasa kama kuna fundi kabadilisha filta majuzi. Halafu oringi ya sensa ya maji na skrubu ya kumwagia maji chini ya filta.

Baada ya hapo mipira. Mipira mifupi inayounganisha bomba za chuma inakauka pale kwenye klipu, kwa nje inaonekana nzima, ukiikunja unaona nyufa ndogondogo. Na kama gari yako ina vile vihozi vyembamba vya nguo vinavyounganisha nozo na nozo kwa juu, vya kurudisha mafuta, watu wanavisahau sana. Vikivuja vinalowesha juu ya injini wakati inawaka, na usiku vinaingiza hewa upande wa ritani (njia ya kurudisha mafuta tankini), hata kale kakofia ka mwisho kanakoziba nozo ya mwisho kakipasuka kanatosha kukusumbua.

Bomba za chuma zinazopita kwenye chesisi zinaoza pale zinaposhikwa na vibanio, maana tope na maji yanakaa pale. Kwenye Defender na Discovery kuna kile chombo cha kutenganisha maji kilichofungwa huku nyuma karibu na tanki, chuma chake kinaoza kwa juu mahali usipopaona na kinaanza kuvuta hewa. Ukiwa na gari hizo anzia hapo kabisa.

Mwisho ni sili za pampu yenyewe, ile ya shafti ya mbele na ile ya mkono wa mafuta kwa juu. Sili za zamani zilizozoea dizeli yenye salfa nyingi mara nyingine zinasinyaa zikikutana na dizeli ya siku hizi yenye salfa ndogo, pampu inaanza kulowa kwenye ule mkono. Ikilowa ikiwa inawaka, ujue ikizimwa inaingiza hewa hapohapo.

Naweza kuiona hiyo hewa kwa macho?

Ndiyo na ndio njia nzuri kuliko zote. Tafuta hozi ya plastiki inayoonyesha ndani, inayostahimili dizeli, unene uleule, kata vipande viwili. Kimoja weka kati ya filta na pampu, kingine kwenye ritani inayotoka kwenye pampu. Washa. Vipovu viwili vitatu mwanzoni sio shida, lakini ukiona mapovu yanapita mfululizo kama mnyororo, au yanaongezeka ukikanyaga mafuta, hewa inaingia kabla ya hapo ulipoweka. Hamisha kipande kirudi nyuma, kabla ya filta, halafu baada ya bomba la tanki, mpaka ufike mahali ambapo hakuna mapovu. Shida iko kati ya hapo na pale ulipotoka. Na kama kabla ya pampu hakuna mapovu ila kwenye ritani yamejaa, basi ni pampu yenyewe inavuta hewa kwenye sili.

Usiiache hiyo plastiki humo moja kwa moja, joto la injini linaifanya iwe ngumu ipasuke.

Jaribio la dumu ni lipi, kila mtu analitaja?

Hili ndilo linalokata ubishi, na ningekuwa na uwezo ningemkataza fundi yeyote kugusa injekta pampu kabla hajalifanya. Wazo ni kuiruka njia yote ya kutoka tankini na kuipa pampu dizeli safi moja kwa moja.

Chukua kidumu kidogo kisafi, jaza dizeli safi iliyochujwa, kifunge mahali ndani ya boneti pa juu kuliko pampu, mbali na feni, mikanda na egzosi, kifunge kweli sio kukiegesha. Chomoa hozi inayoingia kwenye pampu, weka hozi mpya inayotoka kwenye dumu, ni vizuri ipitie kale kafilta kadogo ka plastiki. Halafu chomoa na ritani uirudishe kwenye dumu hilohilo, hii watu wanasahau, pampu hizi zinarudisha mafuta mengi sana kwa ajili ya kujipoza, usipoirudisha dumu linaisha ukiwa bado unashangaa. Jaza hozi yote dizeli isiwe na upepo, washa, iache sailensa (iungurume bila kukanyaga mafuta), halafu ipandishe mizunguko, na kama una uwanja tembeza kidogo humo ndani. Sio barabarani, dizeli ndani ya boneti kwenye kidumu sio kitu cha kukimbia nacho.

Gari ikibadilika ikawa nzima, pampu yako ni nzima, solenoidi (swichi ya umeme ya kwenye pampu inayofungua na kufunga mafuta) ni nzima, nozo hazina kesi. Shida iko kati ya tanki na pampu. Sasa rudisha kitu kimoja kimoja: dumu lipitie filta ya gari, kisha hozi zinazokwenda kwenye filta, halafu hozi iende mpaka nyuma uunganishe kwenye bomba la chuma karibu na tanki. Pale inapoanza kuumwa tena ndio pale.

Na kama haijabadilika kitu na dizeli safi inaingia kwa mteremko bila kikwazo, basi tanki limesafishwa jina, angalia solenoidi, taimingi, nozo, halafu pampu.

Sailensa iko vizuri, nikiwa mlimani au nikikimbia ndio inakata nguvu. Nikisimama kidogo inarudi.

Hiyo sio hewa sana, hiyo ni kuziba. Sailensa inakunywa dizeli kidogo kwa hiyo hata njia iliyoziba nusu inatosha, ukidai nguvu njia haipitishi.

Ikiwa inarudi yenyewe baada ya kuzima na kusubiri, mimi mawazo yangu yanaenda tankini moja kwa moja. Chini ya bomba la kunyonyea kuna kichujio cha wavu. Uchafu ulioko tankini, majani, vipande vya kutu, hata kipande cha karatasi ya sili, unavutwa unajibandika pale mpaka mafuta yanakata, ukizima mvuto unaisha unadondoka chini, unawasha gari nzima tena. Ukitaka kuhakikisha, chomoa hozi kabla ya filta, fungua kifuniko cha tanki, puliza upepo wa taratibu kuelekea tankini mtu mwingine asikilize. Ikigoma kupulizika halafu ghafla ikafunguka na gari ikakaa vizuri siku kadhaa, tanki linatakiwa kushushwa na kuoshwa. Kupuliza sio tiba, unausogeza tu uchafu.

Kitu kingine ni tundu la kupumulia la tanki. Dizeli ikitoka lazima hewa iingie badala yake, tope likiziba lile tundu tanki linajinyonya. Siku gari ikikata, shuka haraka ufungue kifuniko. Ukisikia "fyuuu" ndefu na gari ikapata nguvu, umemaliza, safisha kihozi cha kupumulia au badilisha kifuniko.

Na ya mwisho ni mpira unaojifunga. Hozi ya zamani tabaka la ndani linaachia, mizunguko ikipanda linavutwa linaziba kama kilimi. Kwa nje hozi nzuri kabisa. Hii inachelewesha watu kuliko zote kwa sababu kila ukiifungua ukaipuliza inapitisha. Kama hozi ina umri wa gari, badilisha tu, usiichunguze.

Filta nimeweka mpya juzi, kwa hiyo sio filta, sivyo?

Sivyo. Filta mpya kwenye tanki chafu inaweza kujaa kwa safari moja. Halafu kuna filta feki ambazo karatasi yake inabana kupita kiasi au inapitisha kila kitu. Na kosa la kawaida kabisa: oringi ya zamani imebaki imenata kwenye kichwa cha filta, ya mpya ikawekwa juu yake, zimekuwa mbili, hazikai, hewa inaingia.

Ukitoa filta ya zamani usiitupe. Ikate uifungue uangalie karatasi. Kahawia ya kutu maana yake tanki la chuma linaoza. Matone ya maji maana yake hujamwaga maji siku nyingi. Ute mweusi unaoteleza, endelea na swali linalofuata.

Ute mweusi kwenye filta ni nini?

Ni vijidudu, bakteria na kuvu, vinaishi pale maji yanapokutana na dizeli. Maji ni mazito kuliko dizeli kwa hiyo yanakaa chini ya tanki, vijidudu vinakaa pale katikati na kuota utando. Gari inayokaa sana bila kutembea, tanki nusu, joto la mchana na baridi ya usiku, maji yanatokea yenyewe kwenye kuta za tanki. Kuna dawa za kuua hivyo vijidudu, zinafanya kazi, ila ukishaviua maiti zao zote zinakuja kwenye filta, kwa hiyo uwe na filta za akiba, na kama utando ni mwingi bora ushushe tanki tu. Ukitaka visirudi mwaga maji kwenye filta mara kwa mara na usilaze gari tanki likiwa tupu.

Inazima ghafla, kama mtu kageuza swichi. Baadae inawaka.

Hiyo ni umeme. Njaa ya mafuta inakuja kwa kusuasua, gari inavutavuta inapiga chafya halafu inazima. Ya umeme inakata pap.

Nyuma ya pampu, karibu na zinapotokea bomba za nozo, kuna solenoidi ya kuzimia yenye waya mmoja. Umeme ukiwepo inafungua mafuta, umeme ukikatika springi inafunga. Washa swichi bila kupiga stata, mtu achomoe na kurudisha ule waya, lazima usikie "tik". Hakuna tik, pima umeme kwenye waya. Hakuna umeme, fuata fyuzi, swichi, na imobilaiza maana baadhi ya 300Tdi zina kifaa cha kuzuia wizi pale kwenye pampu na chenyewe kinakufa. Umeme upo na hakuna tik, solenoidi imekufa. Ukiwa porini vuta waya kutoka chanya ya betri moja kwa moja mpaka kwenye solenoidi, gari itawaka, na kuizima utachomoa huo waya. Hakikisha kwanza gari yako ni volti 12 au 24, Land Cruiser nyingine ni 24.

Za zamani zaidi, zile Land Cruiser za injini ya 3B na 2H zenye pampu ya mstari, baadhi yake hazina solenoidi hiyo, zina mota ndogo inayosukuma mkono wa kwenye pampu. Angalia mkono umesimama wapi. Ukibaki upande wa kuzima hata ukeshe unapiga stata haiwaki.

Inazima tanki likifika robo wakati geji inaonyesha mafuta yapo.

Bomba la kunyonyea ndani ya tanki lina ufa au limeoza katikati, dizeli ikishuka chini ya ufa linanyonya hewa. Jaza tanki, shida ikipotea ni hiyo. Inaweza pia kuwa geji inadanganya tu, mimina tankini dizeli kidogo ya kwenye dumu uone. Wenye matanki mawili waangalie na ile vali ya kubadilishia, ikikaa katikati inavuta hewa kutoka tanki tupu, na mbaya zaidi inaweza kuvuta tanki moja ikarudishia ritani kwenye lingine mpaka likafurika.

Nimebadilisha filta na sasa haiwaki kabisa, betri inaisha.

Acha stata ipumzike. Upepo uko ndani. Legeza skrubu ya hewa kwenye kichwa cha filta, bonyeza pampu ya mkono mpaka itoke dizeli isiyo na povu, kaza. Endelea kubonyeza mpaka iwe ngumu kabisa. Bado haiwaki, legeza nati za bomba kwenye nozo, zote au mbili, nusu mzunguko tu, piga stata kwa vipindi vya sekunde kumi hadi kumi na tano, pumzisha nusu dakika, mpaka dizeli ianze kulowesha nati. Kaza, weka hita, washa. Itatetemeka kidogo halafu itatulia. Kuivuta gari kwa kamba ili iwake na pampu kavu ni kuichinja pampu, maana kinachoilainisha ni dizeli yenyewe.

Land Rover zenye kapampu ka kusukuma pembeni ya injini: ukibonyeza kale kamkono na hakana uzito wowote haimaanishi kamekufa. Kemu (chuma cha ndani ya injini kinachokasukuma) imesimama kwenye kilele na imekabana. Zungusha injini kidogo ujaribu tena.

Naweza kulegeza nati za nozo moja moja gari ikiwa inawaka nijue silinda gani haifanyi kazi?

Kwenye hizi za zamani ndiyo, unalegeza moja, sauti ikibadilika silinda hiyo ni nzima, isipobadilika ndio hiyo. Ila vaa miwani, funika na kitambaa, na usiweke kidole kamwe. Nozo za hizi injini zinafunguka kwenye bar 100 na zaidi, dizeli ikitoka kwenye katundu kwa presha hiyo inapenya ngozi, na ikipenya ni hospitali siku hiyohiyo hata kama kidonda kinaonekana kadogo. Kwenye gari ya komon reli (dizeli za kisasa za kompyuta) usifanye kabisa, kule presha inapita bar 1,000.

Nimekaza kila kitu upya baada ya kutoa pampu na gari haina nguvu au haiwaki. Nimefanya nini?

Angalia bolti za banjo (zile zenye tundu ndani zinazofunga bomba za mafuta kwenye pampu) kama hujazibadilisha nafasi. Zinafanana kwa nje, lakini ile ya ritani, mara nyingi imeandikwa OUT kichwani, ndani ina katundu kadogo sana kanakotunza presha ndani ya pampu. Ukiiweka upande wa kuingilia unaikaba pampu koo, na upande wa kutokea presha inakimbia yote. Na washa za kopa (vile vipete vya shaba vya kuzuia kuvuja) weka mpya, za zamani zimeshalala.

Nikifunga pampu ya umeme ya kusaidia si itamaliza tatizo?

Inalificha. Ila kama kifaa cha kutafutia tatizo naipenda: iweke nyuma karibu na tanki, presha ndogo, na lile tundu lililokuwa linavuta hewa sasa linatoa dizeli, unaliona. Tengeneza, halafu itoe. Ukiiacha, chagua ya presha ndogo, na iunganishe izime injini ikizima, la sivyo siku ya ajali itaendelea kumwaga dizeli.

Sasa pampu yenyewe nailaumu lini?

Jaribio la dumu likishindwa, solenoidi inapiga tik, taimingi iko sawa. Dalili moja inayosema kweli: asubuhi inawaka vizuri, ikishapata moto ukaizima haiwaki mpaka ipoe. Dizeli ya moto ni nyepesi, inapita pembeni ya vyuma vilivyolika, presha haijengeki kwa mwendo wa stata. Funika pampu na kitambaa kilicholowa maji baridi, subiri kidogo, piga stata. Ikiwaka, kichwa cha pampu kimelika. Dalili nyingine ni unga wa chuma unaong'aa ukifungua bolti ya ritani. Hapo ni kazi ya fundi pampu mwenye mashine ya kupimia, sio ya kufungua chini ya mti na spana namba kumi.

Niongeze petroli au mafuta ya taa kusafisha njia?

Hapana. Yote mawili ni makavu, yanaipunguzia pampu ulainisho. Njia ikiwa imeziba inazibuliwa kwa mikono.

Nibebe nini safari ndefu?

Filta mbili na oringi zake, washa za kopa, mita mbili za hozi ya dizeli na klipu zake, kipande cha hozi inayoonyesha, waya mrefu wenye vibanio kwa ajili ya solenoidi, kidumu kisafi, na pampu ya mkono ya akiba kama gari yako ni ya zile zinazoila. Hozi chukua inayofanana na unene wa bomba zako, kupima kwa macho kunafanya ufike porini na mpira usioingia.